Praktiko bila kuumizana: wanafunzi wa sayansi, someni hapa

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu kaniuliza: "Mjomba, kwa nini mwalimu anakataza kumimina maji kwenye asidi? Si vyote ni majimaji tu?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo hilo lilimgharimu rafiki yangu jicho.

Nilisoma sekondari Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Shule siitaji. Siku moja tunaandaa asidi ya salfuriki kwa ajili ya praktiko, mwenzangu akamimina maji kwenye bika lenye asidi kali. Ikalipuka, ikamrukia usoni. Miwani hakuna, bomba kavu, ndoo iko bwenini. Mpaka maji yanafika, muda umeshakwenda. Jicho lake la kulia mpaka leo linaona ukungu.

Sababu ni hii. Asidi kali ya salfuriki ni nzito karibu mara mbili ya maji, na ikikutana na maji inatoa joto kubwa sana. Ukimimina maji juu yake yanaelea, yanachemka pale pale na kuruka pamoja na asidi. Ukimimina asidi kwenye maji mengi, inazama na joto linasambaa. Kwa hiyo maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo huku unakoroga.

Mengine ya kushika:

1. Kabla ya kugusa kemikali yoyote, hakikisha kuna maji. Bomba halitoi? Ndoo yenye koki ijazwe na iwekwe mezani. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Usisugue, usipake mafuta wala maziwa.

2. Pipeti haivutwi kwa mdomo. Sisi tulivuta, na wengine walimeza. Tumia mpira wa kuvutia.

3. Taa ya spiriti haiongezwi spiriti ikiwa inawaka. Izime, ipoe, ndipo ujaze. Ndoo ya mchanga ikae karibu.

4. Chupa isiyo na lebo isiguswe. Kunusa kwa kutia pua kwenye chupa ni marufuku. Pepea mvuke kwa mkono uje kwako kidogo.

5. Usimwage ovyo kwenye sinki. Mto Morogoro unatoka Uluguru, unapita mjini, unaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu, ambako Dar es Salaam inachota maji yake.

Sasa tuje kwenye sayansi yenyewe, maana usalama bila ukweli nao hautoshi. Tulipopima joto la maji yanayochemka, kipimajoto changu kilisoma 98. Kitabu kinasema 100. Nikaandika 100, nikapata vema. Darasa zima tuliandika 100! Kumbe 98 ndiyo ilikuwa sahihi. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda takriban mita 300 maji yanachemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja hivi. Ukipanda Morningside itapungua tena. Mlima ulikuwa unatufundisha pale dirishani, sisi tukaufuta kwa kalamu.

Njia ya kisayansi haina uchawi. Unaona jambo, unauliza, unatoa dhana, unajaribu huku ukibadilisha kitu kimoja tu, unaandika ulichokiona, kisha unarudia. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba kule Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo linatokea kweli na kwa nini. Na hiyo ndiyo sayansi: hata Mpemba anapimwa upya.

Mfano wa nyumbani kabisa upo pale SUA. Shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Magawa, panya aliyefundishwa hapa hapa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini angalieni utaratibu wa makohozi: kwanza yanapashwa moto kuua vijidudu, ili mtu na panya wasidhurike. Panya wanapewa pia sampuli zenye majibu yanayojulikana, ili ijulikane nani anakosea. Na panya akisema "ipo", hakuna anayepewa dawa kwa neno lake. Sampuli inarudi maabara kuhakikiwa. Usalama, kipimo cha kulinganishia na kurudia, vyote vitatu vimo.

Kwa hiyo mpwa wangu, na wengine mlio madarasani: dai ndoo ya maji kabla ya praktiko kuanza, na ukiona 98 andika 98. Walimu nanyi msimkatie mtoto maksi kwa kusema kweli. Muulizeni kwa nini.

Wenye uzoefu wa maabara za shuleni tupieni hapo chini, tujifunze wote. Nawasilisha.