Fedha za Zao na Kifungu cha Sheria: Maswali ya Wabunge juu ya Ushuru wa Korosho

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vya kahawa, Mbozi hata Ileje, swali moja halikosi kuulizwa: makato yanayoandikwa katika stakabadhi ya mkulima huishia wapi? Katibu husoma hesabu, mkaguzi huthibitisha kwamba hesabu ni sahihi, lakini mwanachama haridhiki. Haridhiki kwa sababu jibu kamili halimo katika daftari la chama. Limo katika sheria, na sheria hutungwa Dodoma, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka Tunduma.

Mfano ulio wazi kuliko yote si wa kahawa bali ni wa korosho, zao la ndugu zetu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Ulitokea Juni 2018, na yafaa kila chama cha Mkoa wa Songwe kiuelewe, kwani lililowapata wa korosho laweza kulipata zao lolote lenye ushuru wake.

Sheria ya Tasnia ya Korosho, Sura ya 203, ilikuwa imeweka ushuru kwa korosho ghafi zinazouzwa nchi za nje: asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 za Marekani kwa kila tani, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa zaidi. Nia mojawapo ilikuwa kuwahimiza wafanyabiashara wabangue korosho humu nchini. Sheria haikuishia kwenye kutoza tu. Ilieleza na mgawanyo. Asilimia 65 ya fedha hizo zilipaswa kurudi kuendeleza zao lenyewe, na asilimia 35 kwenda Hazina. Katika sehemu hiyo kubwa ndimo zilimotarajiwa kupatikana fedha za salfa, miche bora na utafiti unaofanyika Naliendele. Aliyewahi kuona mkorosho uliovamiwa na ubwiri unga ataelewa uzito wa jambo hili, sawasawa na vile mkulima wa Mbozi aijuavyo hasara ya chulebuni na thamani ya kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Mbimba.

Tarehe 14 Juni 2018, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Philip Mpango, alisoma hotuba ya bajeti. Pamoja na bajeti ulikuja Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao kila mwaka hubeba mabadiliko ya kodi na tozo za namna nyingi kwa mkupuo mmoja. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichokusudia kuufuta ule mgawanyo. Fedha zote za ushuru wa korosho zingeingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na mahitaji ya zao yangegharamiwa kwa njia ya bajeti ya kawaida, kama mahitaji mengine ya Serikali.

Hoja ya Serikali haikukosa msingi. Ibara ya 135 ya Katiba yasema mapato ya Serikali yawekwe katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na ni kweli kwamba mifuko ikiwa mingi mno ni vigumu kuikagua. Wakaguzi wa ushirika wanalijua hilo kuliko wengi. Hata hivyo ibara hiyo hiyo yaruhusu fedha kutengwa nje ya Mfuko Mkuu, endapo sheria imetaja kwamba ni kwa ajili ya shughuli maalum. Kwa hiyo njia zote mbili zilikuwa halali, na uamuzi ulikuwa ni wa sera.

Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani pia, waliusimamia mgawanyo wa zamani. Miongoni mwao walikuwamo Ndugu Hawa Ghasia, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, na Ndugu Nape Nnauye wa Mtama. Yalisemwa mengi, na kwa ukali, lakini swali lililokuwa zito kuliko yote lilihusu deni. Kwa hesabu ya wabunge hao, fedha za misimu iliyopita ambazo zilipaswa kurudi kwenye zao nazo hazikutolewa zilizidi shilingi bilioni 200. Wakauliza: ikiwa fedha zimechelewa wakati sheria inaamuru zitolewe, zitapatikanaje sheria hiyo ikiisha kufutwa? Swali hilo lafaa kukumbukwa na kila mjumbe wa bodi, maana halihusu korosho peke yake.

Wengi hujiuliza kwa nini wabunge hawakushinda. Sababu moja imo katika Katiba yenyewe. Kwa ibara ya 99, Bunge haliwezi kushughulikia mambo ya kuweka kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu isipokuwa kwa pendekezo la Serikali. Mbunge aweza kuhoji, kushawishi na kukataa, bali kuanzisha matumizi mapya hawezi. Tena ibara ya 90 yampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Mbunge anayeikataa bajeti anakiweka rehani kiti chake na viti vya wenziwe. Muswada ulipita, na mgawanyo ukafutwa.

Katika msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 313,000 za korosho. Msimu uliofuata zilipatikana tani 225,000 hivi. Si haki kuutupia ushuru lawama yote, kwa kuwa mvua na upatikanaji wa pembejeo vilichangia. Tena msimu huo ulikuwa na mtafaruku wa soko, hata ilipofika Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini wakulima wa Kusini walilihesabu anguko hilo pamoja na salfa wasiyoipata, na mtu asiwashangae.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba Sheria hiyo hiyo ya Fedha ya 2018 ilifanya kinyume mahali pengine. Iliingiza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kinachozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapo awali mikopo hiyo ilitegemea maagizo tu. Kwa mkono mmoja, basi, fedha za wakulima zilitolewa katika ulinzi wa sheria, na kwa mkono wa pili fedha za vikundi vidogo zikaingizwa humo. Ulinzi wenyewe si ukuta wa mawe: mwaka 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Lakini kikundi cha akina mama wauza mchele wa Tunduma kilikuwa na kifungu cha kumwonyesha diwani wao. Mkulima wa korosho hakuwa nacho tena.

Watu wa Tunduma wana mfano wao pia. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Mwenye mahindi ya Momba aliyefika getini na magunia machache, bila kuijua sheria hiyo, hakuwa na neno la kumjibu mtoza ushuru.

Je, chama cha msingi kinaingia wapi? Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati. Mlango ni hapo, kwani kamati hualika wadau watoe maoni, kwa mdomo au kwa maandishi kupitia kwa Katibu wa Bunge. Likiisha kufika kwenye kusomwa mara ya pili na Kamati ya Bunge Zima, kilichobaki ni mabadiliko yanayoletwa na Serikali, kamati au mbunge mmoja mmoja. Kwa Muswada wa Fedha siku ni chache mno, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Chama kinachosubiri hotuba ya bajeti ndipo kiitishe mkutano kimechelewa. Maoni yafaa yapitishwe mapema, mwezi Aprili au Mei, yaandikwe katika muhtasari, na nakala zipelekwe Chama Kikuu na kwa mbunge wa jimbo.

Kizuizi kimoja cha zamani kimepungua. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Katibu aliye na nakala ya muswada wa Kiswahili aweza kuwasomea wajumbe kifungu kinachotaja zao lao, neno kwa neno, kabla ya ajenda ya mengineyo.