Kutoka chooni hadi penye sabuni

Kipindi cha uji kikifika, katika shule nyingi za awali utaona watoto wamepanga mstari mbele ya beseni moja. Wa kwanza anachovya mikono, wa pili anachovya, na akifika wa ishirini maji yamekuwa ya kijivu. Kisha wote wanajifuta kwa kitambaa kimoja kilichotundikwa mlangoni. Hapo wamegawana vimelea, ndipo wanapopewa vikombe.

Vimelea vya kuhara hunasa kwenye mafuta na uchafu wa ngozi, na maji matupu hayavitoi vizuri. Sabuni huyashika mafuta hayo, kusugua kwa sekunde 20 huyabandua, na maji yanayotiririka huyachukua yaende zake. Hatua hiyo ya mwisho beseni haliiwezi. Wazee wetu walilifanya jambo hili kwa ustaarabu: mgeni humiminiwa maji kwa birika, na yaliyokwisha kupita mkononi hayarudi tena.

Kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua sana watoto wa chini ya miaka 5 duniani. Tafiti zilizofanywa shuleni na katika vituo vya kulelea watoto, nyingi zikiwa za nchi tajiri, zinaonyesha kuwa kuhimiza kunawa hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja.

Tunahimizaje? Wengi hukimbilia nyimbo na picha za ukutani. Ni nzuri, ziendelee. Lakini mtoto wa miaka 4 anaweza kuimba wimbo wote wa kunawa huku akipita moja kwa moja kutoka chooni kwenda kwenye bembea. Umri huo huongozwa na kilicho mbele ya macho. Katika shule mbili za msingi nchini Bangladesh, watafiti walijenga sehemu za kunawia, wakatengeneza njia ya kutoka chooni, wakachora juu yake nyayo za rangi, na viganja penye maji. Somo la usafi halikufundishwa. Kabla ya ujenzi, watoto 4 tu kati ya 100 walinawa kwa sabuni walipotoka chooni. Wiki sita baada ya michoro walikuwa 74. Ikiwa wakubwa wao wanafuata nyayo, wa awali watazifuata mbio.

Kwetu kibuyu chirizi kinatosha, yaani dumu lililotobolewa na kutundikwa, ambalo huinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Dumu la lita 5 likijaa huwa zito kwa mguu mdogo, kwa hiyo litiwe maji nusu na lining'inizwe usawa wa kifua cha mtoto. Ndoo ya koki tuliyoizoea wakati wa korona ina kasoro: mtoto hufungua koki kwa mkono mchafu, kisha huishika tena akifunga. Kipande cha sabuni kitobolewe na kufungwa kamba, au sabuni ya unga ikorogwe ndani ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa.

Kazi nyingi hufia kwenye sabuni: ikiisha, hakuna wa kununua nyingine. Kamati ya shule iiandike kwenye bajeti pamoja na chaki, na itajwe kwa jina zamu ya anayejaza dumu kila asubuhi.