Ziwa Nakuru kwenye mdahalo: nani alaumiwe? (uzi)

1/ Uchaguzi ukikaribia, Ziwa Nakuru huingia jukwaani. Mmoja atasema flamingo wametoroka majitaka, mwingine ati ni Mau tu. Halafu mnagombana hapa hadi usiku wa manane. Hebu tuchambue polepole, vyama tuweke kando.

2/ Ziwa liko mahali pa chini kabisa kati ya Menengai, Bahati na Mau, na halina mto wa kutoka. Njoro, Makalia na Nderit zinaingia, jua linakausha. Yaani mbolea, dawa za shamba na uchafu wa jiji vikifika, vinabaki. Mvua ikinyesha mitaro inashusha plastiki za mtaani, na maji ya mabwawa ya majitaka huishia humo humo. Mbuga imezungushiwa ua, lakini ua hauzuii maji.

3/ Flamingo je? Wanakula spirulina, kitu kidogo sana kinachostawi kwenye maji ya magadi. Kuanzia 2010 hivi ziwa lilifura, kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Magadi yakazimuka, chakula kikapungua, wengi wakaenda Bogoria na kwingine. Kwa hivyo majitaka ni shida ya kweli, lakini kuhama huku kumesababishwa zaidi na maji kujaa.

4/ Mbona yakajaa? Mau ikikatwa, maji hushuka kwa kasi na udongo juu yake. Sawa. Lakini anayesema ni Mau pekee atueleze Naivasha, maana nayo ilipanda miaka hiyo hiyo na mto wake mkubwa zaidi hutoka Aberdare. Mvua ilizidi bonde zima.

5/ Hapa ndipo siasa inapaswa kuanza, na ndipo wagombea hunyamaza. Familia za Mwariki zilihama nyumba zikiwa ndani ya maji. Vijana wakaanza kuvua tilapia, serikali ikakataza ikitaja madini mazito. Unamkataza mtu aliyepoteza shamba asivue, sawa, lakini ale nini?

6/ Katiba, Jedwali la Nne: majitaka, mitaro na takataka ni kazi ya kaunti. Kulinda mazingira na wanyamapori ni ya serikali kuu, mbuga iko chini ya KWS. Kwa hivyo mgombea ugavana akiahidi kurudisha flamingo, mwambie aachane na ndege, aeleze majitaka ya mji uliokuwa na watu zaidi ya laki tano kwenye sensa ya 2019. Mgombea ubunge akiahidi mitaro, muulize ataijenga kama nani.

7/ Swali ambalo bado sijasikia likiulizwa kwenye mdahalo wowote: Kifungu cha 62 kinasema maziwa ni ardhi ya umma. Sasa ziwa likikufuata hadi shambani na hati miliki unayo mkononi, hiyo ardhi ni ya nani, na fidia anadaiwa nani?