Jalidi ya Kudumu Chini ya Misitu ya Vilima vya Alaska

Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Fairbanks, katikati ya Alaska, udongo wa ubavu mmoja wa kilima huwa umeganda mwaka mzima, ilhali ule wa ubavu wa pili hauna barafu yoyote ifikapo kiangazi. Udongo huo ulioganda ni sehemu ya kile kinachoitwa jalidi ya kudumu: ardhi ya aina yoyote, iwe mwamba, mchanga au mboji, ambayo joto lake halizidi nyuzi 0 za Selisiasi kwa angalau miaka miwili mfululizo. Kaskazini zaidi, kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki, jalidi imetanda karibu kila mahali. Kwenye misitu ya Fairbanks imetawanyika kwa mabaka, na ili kujua baka moja linaanzia wapi na kuishia wapi, ni lazima kwanza kuangalia mteremko umeelekea upande gani.

Fairbanks iko karibu na latitudo 65 Kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huchomoza nyuzi mbili hivi tu juu ya upeo wa macho, na hata mwezi Juni halifiki nyuzi 50. Kwenye Ikweta jua huhama kaskazini na kusini kwa zamu, kwa hiyo pande zote mbili za kilima hupata sehemu yake; Alaska adhuhuri zote za mwaka jua liko kusini. Miteremko inayotazama kusini hupata joto la kutosha kuotesha misprusi myeupe, mibetula na mipopla, na udongo wake huwa mkavu na usio na jalidi. Inayotazama kaskazini hupata miale ya mshazari tu. Huko humea msprusi mweusi, mti mwembamba unaokua polepole mno kiasi kwamba wenye umri wa miaka 100 unaweza kuwa na shina la kipenyo cha sentimita chache.

Hata hivyo jua pekee halielezi yote. Wastani wa joto la hewa kwa mwaka katika eneo hili uko nyuzi chache tu chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo ndogo jalidi nyingi isingedumu kama isingekuwa na kifuniko. Kifuniko hicho ni mosi, vimea vidogo vya kijani visivyotoa maua, vinavyofunika ardhi yote chini ya misprusi myeusi. Chini yake hulala mabaki ya mosi ya miaka iliyopita, yaliyooza nusu tu, na kwa pamoja tabaka hili la mboji hufikia sentimita 20 au 30 na pengine zaidi. Wakati wa kiangazi sehemu yake ya juu hukauka na kujaa hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida. Joto la jua huishia juu. Majira ya kupukutika majani mvua huilowanisha, kisha maji hayo huganda. Barafu hupitisha joto takriban mara nne zaidi ya maji, kwa hiyo sasa tabaka lile lile huruhusu joto la ardhini kutoka. Ni kama mlango unaofunguka kuelekea nje tu, na ndio unaoiweka jalidi hai. Ni haki kusema kwamba kwenye miteremko hii msitu ndio unaohifadhi barafu iliyo chini yake.

Chini ya mboji kuna udongo laini wa vumbi. Barafuto za safu ya milima ya Alaska zilisaga miamba, mito kama Tanana ikaeneza unga huo tambarare, na upepo ukaupeperusha hadi vilimani. Unga huu hufyonza na kushika maji vizuri, na hapo ndipo taabu ya udongo inapoanza. Tabaka linaloyeyuka kila kiangazi halizidi sana nusu mita kwenye mteremko wa kaskazini, na maji hayawezi kupenya jalidi iliyo chini. Hutuama. Udongo hukosa oksijeni, chuma chake hubadilika, na rangi yake huwa ya kijivu yenye madoa ya kutu. Vijidudu hufanya kazi polepole kwa baridi na ukosefu wa hewa, naitrojeni hubaki imefungwa ndani ya mboji, na mizizi hulazimika kutambaa karibu na uso.

Majira ya baridi yakirudi, tabaka hilo huganda kutoka juu na pia kutoka chini. Maji huvutwa kuelekea sehemu inayoganda na kuunda vipande vyembamba vya barafu, ambavyo huinua ardhi. Kupanda na kushuka huko, mwaka baada ya mwaka, huchanganya matabaka ya udongo na kuiinamisha miti huku na huko. Wataalamu wa Marekani waliutenga udongo wa aina hii katika kundi lake, Jelisoli, katika miaka ya 1990. Sharti kuu ni jalidi kupatikana ndani ya mita moja kutoka juu, au ndani ya mita mbili ikiwa udongo umevurugwa na kuganda.

Mteremko wenyewe hupanga unyevu. Vileleni udongo ni mwembamba na hukauka haraka. Kuelekea bondeni vumbi lililosombwa hurundikana, mboji huwa nene na barafu huongezeka. Tofauti hizi huonekana hadi mtoni. Kwenye eneo la utafiti la Caribou-Poker Creeks, kaskazini ya Fairbanks, kuna vijito jirani vinavyopata mvua ileile. Kijito ambacho zaidi ya nusu ya bonde lake lina jalidi hufurika ghafla baada ya mvua na kupungua haraka, kwa kuwa maji hupita juu juu ndani ya mboji. Kile chenye jalidi kidogo hutiririka kwa utulivu, kikilishwa na maji yaliyozama chini.

Adui mkubwa wa mpangilio huu ni moto. Mwaka 1999 watafiti waliwasha kwa makusudi sehemu ya msitu wa Caribou-Poker Creeks ili kufuatilia matokeo yake, na mwaka 2004 mioto iliteketeza takriban hekta milioni 2.7 za Alaska. Kinachoamua hatima ya udongo ni zaidi kina cha mboji iliyoungua kuliko idadi ya miti iliyokufa. Moto ukipita juu juu, mosi hurudi, misprusi myeusi huota tena na jalidi hupona. Ukichoma mboji hadi kwenye udongo wa madini, joto hupenya chini, tabaka linaloyeyuka huongezeka kina kwa miaka mingi, na mibetula hushika nafasi. Majani yake mapana hufukia mosi yanapoanguka, hivyo kifuniko cha zamani hakipati nafasi ya kujijenga upya. Penye barafu nyingi mteremkoni, udongo uliolainika unaweza kuporomoka.

Udongo wa maeneo yote ya jalidi ya kaskazini unakadiriwa kushikilia kati ya tani bilioni 1,400 na 1,600 za kaboni, karibu mara mbili ya iliyomo angani. Jalidi ya Fairbanks ni miongoni mwa iliyo karibu zaidi na kuyeyuka, kwani sehemu kubwa yake ina joto la nyuzi moja au mbili tu chini ya sifuri. Baadhi yake ni ya kale sana: katika njia ya chini ya ardhi ya Fox, iliyochimbwa na wahandisi wa jeshi la Marekani katika miaka ya 1960, kuta zina kabari za barafu na mifupa ya nyati na mamothi wa enzi ya barafu. Barafu ya namna hiyo ikishayeyuka, hali ya hewa ya sasa ya Fairbanks haina baridi ya kutosha kuiunda tena.