Kioo Hakimjibu Mtoto

Umeme ukirudi jioni Kadutu, mjini Bukavu, kelele za furaha hupanda mlimani nyumba kwa nyumba, na kwa wengi kitu cha kwanza kuwashwa ni televisheni. Mtoto wa miaka mitatu husogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mama anashukuru: sasa atasonga bugali bila kuvutwa kitenge. Kwenye flashi mna katuni za kufundisha namba na herufi, basi anajiambia kwamba angalau mtoto anasoma.

Anasoma kweli? Inategemea umri wake, na nani ameketi naye.

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watoto wa miezi 9 ambao nyumbani kwao hakuna anayesema Kichina. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na msemaji wa Kichina aliyeketi nao, mara 12. Kundi jingine liliona masomo yale yale kwenye televisheni. Wa kwanza walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wa pili hawakuambulia chochote.

Watafiti Georgene Troseth na Judy DeLoache nao walionyesha mwaka 1998 kwamba mtoto wa miaka miwili akichungulia dirishani na kuona mtu akificha mdoli chumba cha pili, huenda kuuchukua bila shida. Akiona kitendo hicho hicho kwenye televisheni, mara nyingi hutafuta ovyo. Wa miaka miwili na nusu hufaulu zaidi. Lakini lililonigusa ni jaribio la baadaye la Troseth na wenzake, la 2006: mtu wa kwenye kioo alipoweza kumwona mtoto, kumwita kwa jina na kuzungumza naye dakika tano, hata wa miaka miwili walifuata maelezo yake. Kwa hiyo macho ya mtoto hayana kasoro. Anachokosa ni mtu wa kumjibu.

Akikua kidogo, mambo hubadilika. Morogoro, Tanzania, mtafiti Dina Borzekowski aliwapima watoto 568 wa shule ya awali. Waliotazama Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kwa wiki nne walizidi wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, hata kuchora. Televisheni inaweza kufundisha, tena kwa Kiswahili.

Ila Kiswahili cha Akili, mhusika wa katuni hiyo, si cha Bukavu moja kwa moja. Yeye anasema "vitu" na "watoto". Nyumbani mtoto anasikia "bintu" na "batoto", pengine na lugha ya Mashi ya bibi, na shuleni Kifaransa kinamngoja. Hilo halimharibu, mradi pawe na dada au baba wa kumwambia: hivyo vitu anavyovisema Akili ndivyo bintu byetu.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo, mzazi mwenzangu, keti naye. Na umeme ukikatika katikati ya katuni, usimpe simu. Muulize Akili alikuwa anahesabu nini, kisha leteni maharagwe ya kesho, mhesabu pamoja kwenye mwanga wa mshumaa.