Rapamaisini, Chumvi na Wauzaji wa Ujana

Wasomaji wa kurasa za afya huuliza mara kwa mara kama ipo dawa au namna ya kula inayozuia maradhi ya uzeeni, kama vile kiharusi, kisukari aina ya pili na saratani, na swali hilo linastahili jibu la kisayansi kwa sababu majibu ya wauzaji wa chupa za "kusafisha damu" na vidonge vya "kurudisha ujana" hayana msingi wowote. Damu husafishwa na ini na figo usiku na mchana, na anayemuuzia mzee mwenye figo dhaifu mchanganyiko wa mizizi isiyojulikana anamwongezea mzigo uleule anaodai kumpunguzia.

Utafiti wenye uzito ulianzia kwenye njaa. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kwamba panya waliopunguziwa chakula bila kunyimwa vitamini na madini waliweza kuishi muda mrefu kuliko waliokula watakavyo, lakini sehemu kubwa ya sababu ilikuja kueleweka baadaye sana, kupitia dawa iliyotokana na udongo. Udongo huo ulichukuliwa na msafara wa watafiti wa Kanada mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, na bakteria iliyopatikana humo ilitengeneza kemikali iliyoitwa rapamaisini kutokana na jina la kisiwa, ambayo mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa.

Rapamaisini huzuia protini iitwayo mTOR, ambayo kazi yake ni kupima hali ya chakula mwilini. Asidi za amino zinapokuwa nyingi na insulini ikawa juu, mTOR huiamuru seli ijenge protini mpya, ikue na igawanyike. Chakula kinapopungua, amri hiyo hukoma, na seli huanza kuzizungushia utando sehemu zake zilizochakaa, ikazipeleka kwenye vifuko vyenye vimeng'enya, ikazivunjavunja na kuitumia upya malighafi inayopatikana. Mchakato huo huitwa otofaji, na Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyezitambua jeni zinazouendesha kwa kuchunguza hamira, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Rapamaisini basi huifanya seli iishi kama yenye njaa ilhali mwenye mwili ameshiba, na mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zilitangaza kwamba panya walioanza kulishwa dawa hiyo wakiwa na umri wa siku 600, yaani wameshaanza kuzeeka, waliishi muda mrefu zaidi, majike kwa madume.

Kwa binadamu hakuna jaribio lililothibitisha hivyo, na dawa hiyo huweza kuleta vidonda vya mdomo, kupandisha mafuta katika damu na kudhoofisha kinga, kwa hiyo kuiagiza kwa siri mtandaoni ni hatari tupu. Hata vitamini si salama kwa kuwa tu ni vitamini: nchini Finland, utafiti wa mwaka 1994 uliohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Kinga iliyothibitishwa inapatikana katika zahanati na jikoni: kupima shinikizo la damu, kumeza dawa zake kila siku hata mtu anapojisikia mzima, kuacha sigara, kutembea na kupunguza chumvi. Katika vijiji 600 vya China, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulibaini kwamba kaya zilizopewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu zilipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu, ingawa mgonjwa wa figo hapaswi kuitumia chumvi ya aina hiyo bila kumwona daktari, kwa kuwa figo iliyochoka hushindwa kuitoa potasiamu na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.