Siku Saba Kati ya Vipindi
(Sehemu ya Pili)

Msikilizaji wa Musekeweya aliyeko Kamembe, wilayani Rusizi, hana namna ya kumharakisha mtunzi. Igizo hilo la Kinyarwanda lilianza mwaka 2004, dakika 20 kila wiki kupitia Redio Rwanda, likisimulia uhasama wa vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Kijiji kikishambuliwa leo, atakayelipiza kisasi atajulikana wiki ijayo. Hapo katikati watu wana siku saba za kubishana sokoni na nyumbani, na siku hizo ni sehemu ya igizo lenyewe.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipolichunguza katika mwaka wake wa kwanza, vikundi vya wasikilizaji vilichezewa vipindi vinne kwa mkupuo, mara moja kwa mwezi. Mwezi mzima wa uhasama ulipita kwa muda usiofika saa moja na nusu. Hata hivyo watu walisikiliza pamoja na kujadiliana, na kilichobadilika zaidi ni mtazamo wao juu ya mwenendo unaofaa katika jamii, kuliko imani ya kila mmoja.

Urunana, igizo jingine la redio la Kinyarwanda lililoanza 1999, lilifuata mfano wa The Archers la Uingereza, ambalo tangu 1951 wahusika wake huzeeka sambamba na wasikilizaji. Lakini kalenda hukunjwa inapobidi. Katika Twende na Wakati la Redio Tanzania, lililoanza 1993, dereva wa lori Mkwaju aliambukizwa VVU na kuugua UKIMWI katika miaka michache. Bila dawa, safari hiyo huchukua takriban miaka kumi, nani angengoja?

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ambako kila mchezaji hubeba mhusika wake na kete huamua, saa hunyumbuka zaidi kuliko redioni. Katika kanuni za sasa za Dungeons & Dragons, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 1974, raundi moja ya mapigano ni sekunde sita, ilhali kuicheza kwaweza kula robo saa. Safari ya siku kumi humalizwa kwa sentensi moja.

Gary Gygax, mmoja wa waasisi wake, hakuridhika. Katika mwongozo wa 1979 alisisitiza kumbukumbu kali za wakati: kati ya kikao na kikao, siku moja ya kweli iwe siku moja ya mchezo. Shujaa aliyejeruhiwa hupona kitandani huku kundi jingine likimtangulia kwenye hazina. Alikuwa sahihi, maana hapo kungoja kuna gharama. Wengi leo wameiacha kanuni hiyo: kikao kikiishia mlangoni mwa pango, kijacho huanzia mlangoni palepale, hata mwezi ukipita.